Mtoto wako Marekani ana bastola: tuongee naye kabla polisi hajamsimamisha

Jumatano iliyopita, tulipokuwa tumemaliza kuhesabu pesa za likelemba, mama mmoja wa kikundi chetu alitoa telefone yake akatuonyesha picha. Kijana wake, ambaye yuko Marekani mwaka wa saba sasa, amesimama mbele ya gari lake, na kwenye mshipi wake kuna bastola. Mama alikuwa analia. "Mwanangu amekuwa mwizi?" Chini ya picha kijana aliandika kwamba ameinunua dukani, karatasi zote ziko sawa, na kwamba anaogopa kazi yake ya kusafirisha watu usiku.

Sisi huku tunaijua bunduki kwa njia moja tu. Aliye nayo ni mwanajeshi, ni polisi, au ni mtu wa porini, na wengi wetu tumewahi kuwakimbia wote watatu. Kwa hiyo kabla ya kumlaumu kijana tuliamua kuulizia. Tuliwapigia dada zetu walio kule, tukasoma, tukarudi kukaa pamoja Jumamosi.

Kijana hakusema uongo. Katiba ya Marekani inampa raia haki ya kuwa na silaha, na mgeni mwenye kadi ya ukaaji wa kudumu naye anaweza kuinunua kwa sheria. Katika zaidi ya nusu ya majimbo yao mtu mzima anaruhusiwa kutembea nayo hata bila kibali. Jimbo la Kentucky, ambako wanaishi ndugu zetu wengi, liko hivyo tangu 2019. Minnesota na Michigan zinadai kibali. Tulipofika hapo mama mwenzetu alipumua. Lakini dada mmoja wa kule, ambaye mume wake ni dereva wa lori, alituambia: "Msiogope duka alikoinunua. Ogopeni siku taa ya nyuma ya gari lake itakapokufa na polisi amsimamishe."

Akatusimulia habari ya Philando Castile. Alikuwa na miaka 32, mpishi kiongozi katika shule ya msingi mjini Saint Paul, Minnesota. Wenzake walisema alijua majina ya watoto zaidi ya 500 na chakula gani kinamdhuru nani. Alikuwa na kibali cha kubeba silaha. Tarehe 6 Julai 2016, jioni, polisi walisimamisha gari lake huko Falcon Heights, kwa sababu ya taa ya nyuma, na kwa sababu askari alidhani anafanana na mtu aliyeiba dukani. Ndani ya gari alikuwa na mchumba wake na mtoto wa kike wa miaka 4. Askari akaomba karatasi. Castile akatoa ya asiransi. Kisha, kwa sauti ya utulivu na heshima, akamwambia askari kwamba ana silaha. Askari akamwambia asiiguse. Castile akajibu kwamba haigusi. Risasi saba zilipigwa. Tangu askari alipofika dirishani mpaka risasi ya mwisho haikufika dakika moja. Mchumba wake alisema Castile alikuwa anatafuta permi yake, ile aliyoombwa. Mwaka 2017 askari alifikishwa mahakamani, na baraza likamwona hana hatia.

Tulinyamaza. Mama mmoja akauliza swali ambalo sote tulikuwa nalo: kama alisema ukweli, kwa heshima, na bado akafa, sisi tutamwambia nini mtoto? Hatutawadanganya, hakuna maneno yanayomlinda mtu asilimia mia, na zaidi mtu mweusi. Lakini kuna kitu katika habari hiyo cha kushika: maneno mawili yaligongana. Askari alikuwa ameomba karatasi, na mkono ulikuwa unaenda kuzitafuta wakati neno "silaha" linatoka mdomoni. Mama yake, Valerie Castile, hakukaa kimya. Mwaka 2018 kitabu cha madereva cha Minnesota kiliongezewa maelezo kwa mwenye silaha anayesimamishwa, naye alikuwa kati ya waliosukuma jambo hilo.

Sasa tuje kwa sisi wamama, maana hapa ndipo penye kazi yetu. Watoto wetu tuliwalea na adabu ya barabara ya huku. Polisi wa rulaje akikusimamisha, unashuka haraka, unamsalimia, unamfuata pembeni, mkono tayari mfukoni kutafuta karatasi, na wengine, tuseme ukweli, karatasi inatoka na matabishi ndani. Ukibaki umekaa kwenye kiti, askari atasema una kiburi. Kule adabu ni kinyume chake. Kushuka bila kuambiwa kunaonekana kama kuja kupigana au kukimbia. Mkono mfukoni unaonekana kama unatafuta silaha. Na pesa ndani ya permi ni kosa jipya la kumpeleka gerezani.

Si hadithi ya mbali. Patrick Lyoya alikuwa mtoto wa Congo hii, wazazi wake wanazungumza Kiswahili kama sisi. Alifika Marekani mwaka 2014. Tarehe 4 Aprili 2022, mjini Grand Rapids, Michigan, askari alisimamisha gari lake kwa sababu namba yake haikulingana na gari. Patrick alishuka. Askari akamwambia arudi ndani ya gari. Wakaongea kidogo, Patrick akakimbia, wakapigana, na akapigwa risasi ya kichwa akiwa amelala kifudifudi. Miaka 26. Hakuwa na bunduki yoyote. Askari alishitakiwa kwa kuua, lakini mwaka 2025 baraza la mahakama lilishindwa kupatana na mashitaka yakaachwa. Hatusemi kwamba kushuka kwenye gari ndiko kulikomwua. Tunasema tu kwamba alianza vile ambavyo sisi sote tungeanza, na tunajua ni nani aliyetufundisha.

Basi dada zetu walitueleza namna watoto wao wanavyofanya. Ukiona taa za polisi nyuma, unawasha taa ya kugeuka, unasogea kulia mahali penye mwanga, unazima gari. Kama ni usiku unawasha taa ya ndani. Unateremsha kioo, telefone unaiweka chini, na mikono yote miwili inakaa juu ya usukani, vidole wazi, kabla askari hajafika dirishani. Mkanda usiufungue. Walio ndani ya gari nao waonyeshe mikono, hata shangazi aliyeshika mtoto.

Na kama silaha iko garini? Hapo ndipo karatasi zinapokuwa jambo kubwa. Permi, asiransi na kibali visikae mfuko wa nyuma karibu na bastola, wala katika kile kisanduku kilicho mbele ya abiria kama bastola iko humo. Vikae mahali pa wazi, pembeni kabisa na silaha. Askari akija, kabla ya mkono wowote kusogea, dereva anasema polepole kwamba ana kibali, kwamba kuna silaha, na iko wapi. Dada yetu alisisitiza kuanza na neno kibali, na kutotaja bunduki peke yake kwa sauti ya juu, maana mwenzake aliye upande wa pili akisikia neno hilo tu anaweza kushtuka. Halafu anauliza: unataka nifanye nini? Anangoja. Akiambiwa atoe permi, anasema kwanza iko wapi, na mkono wa upande gani utaenda kuichukua. Silaha haiguswi hata kidogo, hata kwa nia njema ya kuonyesha. Askari akitaka kuichukua, aichukue mwenyewe. Akisema shuka, unashuka. Mahakama Kuu ya Marekani iliwapa polisi uwezo huo tangu 1977. Kama umeonewa, utasema mbele ya hakimu, si kando ya barabara.

Kwa kijana ambaye Kiingereza chake bado kizito, sentensi hiyo moja aijue kama anavyojua jina lake. Aifanyie mazoezi chumbani. Hofu inafuta lugha, hilo tunalijua sisi tuliosimama kwenye vizuizi.

Sheria ya kusema au kutosema inabadilika ukivuka mpaka wa jimbo. Michigan inakulazimisha umwambie askari mara moja, bila kuulizwa. Minnesota inakudai ujibu ukiulizwa. Ohio ilibadilisha sheria yake mwaka 2022, na sasa ni kujibu ukiulizwa. Kijana wa Kentucky anayevuka mto Ohio na kuingia Illinois yuko chini ya sheria nyingine kabisa. Dada zetu wanasema wao husema mahali pote, sheria idai au isidai. Tunaona wana haki. Na jambo ambalo wengi walikuwa hawalijui: mwenye kadi ya ukaaji, ambaye bado hajawa raia, kosa la silaha linaweza kumfanya afukuzwe nchini. Familia iliyokaa kambini miaka kumi ikingoja safari haitaki kusikia hilo, lakini ni kweli.

Katika kikundi hatukupatana yote. Wengine walisema mama amwamuru kijana aiuze kesho. Wengine wakasema yeye ni mtu mzima, na sisi hatukai naye usiku katika ule mji. Sisi tunaoandika tungependa ibaki nyumbani, ndani ya sanduku lenye kufuli, mbali na wajukuu. Lakini mama hawezi kufunga kufuli kutoka huku.

Jumapili baada ya misa mama mwenzetu alimpigia, sisi watano tukiwa kando yake. Kijana alicheka kwanza: "Mama, nani amekufundisha mambo ya polisi wa huku?" Mama hakucheka. Alimwuliza: bastola unaivaa upande gani? Wa kuume. Na permi yako inakaa wapi? Kukawa kimya, tukadhani mtandao umekatika. Kisha akajibu: mfuko wa nyuma, wa kuume. Mama akamwambia asikate simu, aende garini sasa hivi aihamishe, na tukasikia mlango wa gari ukifunguliwa.