Kupanga Safari ya Theluji: Kijiji cha Mürren

Muhula uliopita mwalimu wetu wa jiografia alitupa kazi ambayo wengi wetu tuliicheka. Kila mmoja alipewa jamaa ya watu wa kubuni na mahali pa kuipeleka wakati wa likizo, akaambiwa apange safari nzima, tangu kutoka nyumbani hata kurudi. Mwenzangu aliyepewa pwani ya Malindi alimaliza kwa jioni moja. Mimi nilipewa baba, mama na watoto wawili, mmoja wa miaka 8 na mwingine wa miaka 11, wakaao Kampala, ambao hawajapata kukanyaga theluji. Nao wataka kujifunza kuteleza kwa skii katika kijiji kilicho kimya milimani. Kazi hiyo ilinichukua majuma matatu. Kwa kuwa baadhi ya wazee wetu waliosoma hapa zamani sasa wanakaa Ulaya na jamaa zao, nadhani yafaa nieleze niliyoyapata.

Kwa wale wasiojua, skii ni vibao viwili virefu vyembamba, vilivyopindwa kidogo mbele, ambavyo hufungwa chini ya buti ngumu. Mtu hupandishwa mlimani kwa kiti kinachovutwa na waya, kisha hushuka mwenyewe akiteleza juu ya theluji.

Nilianza kwa kutafuta kijiji, nikaona upesi kwamba kimya si sifa ya bure. Kuna vijiji vilivyo kimya kwa sababu theluji haishiki tena huko, na vingine kwa sababu mteremko wao ni mmoja tu. Mürren, katika nchi ya Uswisi, ni kimya kwa sababu ya genge. Kijiji hiki chenye wakazi wasiotimia 500 kimekaa juu ya ukingo wa mwamba uliosimama wima, na chini yake ni bonde la Lauterbrunnen. Wageni hawawezi kufika huko kwa motokaa. Mbele ya nyumba, ng'ambo ya bonde, imesimama milima mitatu mashuhuri, Eiger, Mönch na Jungfrau, na huu wa mwisho una urefu wa mita 4,158.

Hapo zamani walikuwa wachungaji na wakata majani ya ng'ombe. Wageni wa kwanza walikuja wakati wa joto, kutazama milima. Baadaye Waingereza wakaja na skii zao. Mwaka 1922 Mwingereza Arnold Lunn alipanga huko mashindano ya kuteleza katikati ya miti iliyosimikwa, na mwaka 1931 mashindano ya kwanza ya dunia ya kuteleza mteremkoni yakafanyika Mürren. Mahali padogo hivyo!

Jambo lililonishangaza kuliko yote ni urefu. Mürren iko karibu mita 1,640 juu ya usawa wa bahari, yaani iko chini kuliko mji wetu wa Kabale. Lakini Kabale watu hulima viazi mwaka mzima, na Mürren theluji hufunika paa za nyumba. Sababu ni kwamba Uswisi iko mbali na ikweta, na wakati wa baridi jua lao hupita chini sana na siku ni fupi. Kwetu theluji hukaa juu tu ya Ruwenzori, nayo inakwisha: mwaka 1906 barafu ya Ruwenzori ilienea karibu kilometa za mraba 6.5, na mwaka 2003 haikufika hata 1. Milima ya Alps nayo inapata joto. Kwa hiyo anayechagua kijiji leo hana budi kuuliza urefu wake kabla ya kuuliza bei. Mara nyingi mvua hunyesha Lauterbrunnen, karibu mita 800, saa ile ile theluji inapoanguka Mürren. Tena Mürren ina njia za kutelezea zinazoanzia mlima Schilthorn, mita 2,970, ambako theluji hukawia kuyeyuka.

Kufika huko si kugumu, ila ni kwa hatua. Kutoka uwanja wa ndege wa Zürich jamaa yangu itapanda treni mpaka Bern, kisha Interlaken, kisha Lauterbrunnen. Hapo wataingia chumba kinachoning'inia kwenye waya, kitakachowapandisha mpaka Grütschalp, na kutoka Grütschalp kuna treni ndogo ipitayo ukingoni mwa genge mpaka kijijini. Reli hiyo ilifunguliwa mwaka 1891. Kwa ajili ya kupanda na kushuka huko kote, niliwaandikia kila mtu mzigo mmoja anaoweza kuubeba mwenyewe. Skii, buti na kofia ngumu watakodi kule kule. Majaketi mazito hawana haja ya kununua Ulaya: katika soko la Owino majaketi ya skii huuzwa katika mitumba, na waendesha boda boda huyavaa kila asubuhi bila kujua kazi yake ya kwanza. Glavu zisizopenya maji na miwani ya jua lazima wawe nazo, maana theluji hurudisha mwanga mpaka macho yakauma.

Juu ya wakati, nilikataa Krismasi, ambapo bei hupanda na vitanda hujaa. Nilikataa pia Februari, kwa kuwa shule nyingi za Ulaya hufunga mwezi huo. Nilichagua Januari, lakini nikagundua kwamba katika mwezi huo hufanyika mbio ziitwazo Inferno, zilizoanza mwaka 1928, ambazo huleta watelezaji zaidi ya 1,800. Juma hilo kimya chote hutoweka! Basi niliwapeleka mapema Januari, baada ya sikukuu, katika nyumba ya kukodi yenye jiko, maana chakula cha hotelini Uswisi ni ghali mno.

Viza ya Schengen yaweza kuombwa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, wala si chini ya siku 15. Tangu Juni 2024 ada yake kwa mtu mzima ni yuro 90, na bima ya safari iwe ya yuro 30,000 au zaidi. Yafaa bima hiyo itaje skii kwa jina, kwa sababu nyingine huuacha mchezo huo nje.

Sasa nafika kwenye jambo zito. Huko njia hupewa rangi: buluu ni rahisi, nyekundu ni ya wastani, nyeusi ni ngumu. Njia nyingi za Mürren si za mwanafunzi, kwa hiyo watoto wangu watakaa na mwalimu kwenye mteremko mdogo siku tatu za kwanza, na baba pia, hata akijiona hodari. Nje ya njia zilizowekwa alama hawatakanyaga. Kila siku ya baridi taasisi ya theluji iliyoko Davos hutangaza hatari ya maporomoko kwa daraja 1 mpaka 5. Watu wengi hawafi siku za daraja la 5, kwa maana siku hizo hukaa ndani. Wengi zaidi hufa siku za daraja la 3, kunapoonekana kwema. Na tarehe 23 Februari 1999, katika kijiji cha Galtür, Austria, poromoko la theluji lilishuka mpaka kwenye nyumba zilizodhaniwa kuwa salama, likaua watu 31. Barabara ilikuwa imefungwa kwa siku kadhaa, na wageni hawakuweza kuondoka.

Ndiyo maana siku ya mwisho kabla ya ndege nimeiacha tupu. Jamaa yangu itashuka kutoka Mürren asubuhi na kulala Bern usiku huo. Mwalimu aliandika kando kwa wino mwekundu kwamba nimepoteza siku moja nzima ya kuteleza. Sikuifuta.