Kivu ya Kaskazini: Ujuzi wa wauguzi wa dharura usiishie kitandani mwa mgonjwa

Katika vituo vya kutibu Ebola, karatasi iliyoingia kwa wagonjwa haitoki tena. Muuguzi husoma kwa sauti joto la mgonjwa na mapigo ya moyo, na mwenzake aliye nje ya uzio huandika. Wauguzi wa Beni, Butembo, Katwa na Mangina waliizoea kazi ya vituo hivyo kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, wakati ugonjwa huo ulipoua watu 2,287 kati ya wagonjwa 3,470.

Kazi hiyo ilikuwa pia utafiti. Katika jaribio lililoanza Novemba 2018, dawa nne zililinganishwa katika vituo hivyo, kila mgonjwa akipangiwa yake kwa kura. Agosti 2019 jibu lilipatikana: kati ya waliopewa mAb114 au REGN-EB3, karibu thuluthi moja walifariki, kwa dawa mbili zingine, ilikuwa karibu nusu. Dawa ya mAb114 yenyewe ilitokana na damu ya Mkongomani aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Bila mikono ya wauguzi na namba walizotoa ndani, jibu hilo lisingepatikana.

Lakini dharura ikiisha, mikataba nayo huisha, na ujuzi hurudi nyumbani na mwenyewe. Muuguzi wa A2 anayetaka kufundisha au kutafiti hulazimika kurudi shuleni, ISTM kwa mfano, kutafuta shahada ya juu. Karo ni ya kulipa, zamu za usiku zinamngoja, na akiondoka, wadi yenye watu wachache hupungukiwa zaidi. Ndiyo sababu wengi husita.

Hata hivyo, bei ya kutofundisha inajulikana. Yambuku, mwaka 1976, wauguzi walipewa sindano tano kila asubuhi, wakazisuuza tu kati ya mgonjwa na mgonjwa. Watumishi 11 kati ya 17 wa hospitali hiyo walifariki kwa Ebola. Vifaa vilikosekana, na mazoea mabaya hayakuwa na wa kuyakemea.

Mwanafunzi wa ITM anayefika hospitalini kwa staji huiga mikono anayoiona. Mwalimu aliyewahi kuzuia damu ya mama aliyejifungua saa nane za usiku humwonyesha kile ambacho kitabu hakisemi: nani aitwe kwanza, na kitu gani kisiguswe.

Mlango wa utafiti nao unaweza kuanza na rejista ya wadi: dakika ngapi hupita tangu majeruhi wa risasi afike hadi ahudumiwe? Swali hilo likipata kibali cha kamati ya maadili na siri ya wagonjwa ikilindwa, hospitali inaweza kupanga upya zamu zake. Na muuguzi anayefundisha siku nne, akibaki siku moja kwenye dharura, hakati kamba iliyomleta darasani.