Simu tatu, mfuko mmoja: tuliyojifunza Ziwa kabla ya kununua



Mwanzoni mwa Mei 2025 nilifunga safari kutoka Mombasa hadi Ziwa, kaunti ya Uasin Gishu, kumtembelea mpwa wangu. Ni yapata kilomita 800 hadi Eldoret, mji uliopewa hadhi ya jiji Agosti 2024, kisha unapanda matatu kuelekea kaskazini. Kwa mtu wa pwani, jina Ziwa linaweza kukupa picha ya maji na madau. Nilichokikuta mimi ni mashamba ya mahindi, ng'ombe wa maziwa na baridi iliyonifanya nilale na koti.

Mpwa wangu anafundisha shule ya kibinafsi huko. Mshahara ni mdogo, kwa hivyo jioni na Jumamosi anauza leso na mabuibui. Mamake anamtumia mzigo kwa basi kutoka Mombasa, yeye anapiga picha, anaweka kwenye WhatsApp, na wanawake wa Ziwa na Eldoret wanaagiza na kulipa kwa M-Pesa. Kwake yeye simu ndiyo duka. Simu ikizima, duka limefungwa.

Na duka lilikuwa limefungwa. Simu yake ya zamani ilikuwa imekufa, akawa ameazima kadogo ka vitufe kwa mwalimu mwenzake. Alikuwa amekusanya shilingi 15,000. Baada ya kuniamkia, neno lake la kwanza lilikuwa: "Mjomba, ninunue ipi?"

Nilikuwa na jibu tayari mdomoni. Akanikata: "Mjomba, wewe wasema Samsung kwa sababu wewe una Samsung." Alikuwa na haki. Ndivyo wengi wetu tunavyoshauri, mtu anasifu alicho nacho mfukoni. Basi tukaamua kufanya kazi hii vizuri, na leo nawaletea tuliyoyapata, maana swali hili naulizwa kila wiki hapa Mombasa.

Simu zenyewe

Kwa bei ile, tulibaki na tatu: Samsung Galaxy A06, Tecno Spark 30C na Redmi 14C. Zote zilitoka nusu ya pili ya mwaka 2024. Samsung ni kampuni ya Korea Kusini. Redmi ni ya Xiaomi wa China. Tecno ni ya Transsion, kampuni nyingine ya China yenye makao Shenzhen, ambayo ndiyo mama wa Infinix na itel pia. Kwa hivyo ukiwaona watu wawili wanagombana baraza nzima, huyu Tecno huyu Infinix, jua wanagombania watoto wa mama mmoja.

Jambo la kwanza lililonishangaza ni ubongo wa simu, ile chipu inayofanya hesabu zote. Samsung A06 ina Helio G85. Tecno ina Helio G81, na Redmi ina Helio G81 Ultra. Zote zinatoka kwa kampuni moja, MediaTek ya Taiwan, na ni ndugu wa karibu sana. Kwa WhatsApp, M-Pesa, YouTube na kusahihisha alama za wanafunzi, hutaona tofauti ya maana. Muuzaji akikwambia hii ina mbio kuliko ile, kwa simu hizi tatu, usiongeze hata shilingi kwa maneno hayo.

Kioo nacho ni hadithi hiyohiyo. Ukubwa ni inchi 6.67 kwa Tecno, 6.7 kwa Samsung na 6.88 kwa Redmi, na zote zina upana wa pikseli 720. Tecno na Redmi huchora picha upya hadi mara 120 kwa sekunde, Samsung mara 60, kwa hivyo ukipitisha kidole zile mbili zinateleza laini zaidi. Inapendeza macho, lakini haiuzi leso.

Nambari zinazotudanganya

Kuna nambari tatu ambazo muuzaji huzisema kwa sauti kubwa.

Ya kwanza ni megapikseli. Simu zote tatu zimeandikwa 50. Kwa kawaida kamera ya namna hii huunganisha nukta nne kuwa moja ili ipate mwangaza zaidi, na picha unayopata ni ya megapikseli 12 na nusu hivi. Hilo si wizi, ndivyo inavyofanya kazi. Lakini ubora wa picha unategemea ukubwa wa jicho la kamera, lenzi na jinsi simu inavyopanga rangi. Nambari ya 50 haikwambii lolote kati ya hayo.

Sisi tulibeba leso nyekundu hadi dukani Eldoret. Tukaipiga picha kwa simu zote tatu, kwanza mlangoni penye mwangaza wa jua, kisha ndani chini ya taa. Mlangoni zote tatu zilitoa picha safi, hata maandishi ya jina la leso yakasomeka. Ndani, hakuna hata moja iliyoupata wekundu ule sawasawa. Mpwa wangu akacheka: "Basi nitapigia nje." Somo hilo halikutugharimu kitu, na linasaidia biashara kuliko kuongeza shilingi 5,000 kwa jina la kamera.

Ya pili ni memori ya kazi, ile inayoitwa RAM. Utaona kwenye boksi "4+4" au "8 GB" kwa maandishi makubwa. Nne ya kwanza ni ya kweli. Nne ya pili ni ya kuazima, yaani simu inachukua nafasi kwenye stoo yake na kuitumia kama RAM. Stoo ni ya polepole kuliko RAM halisi, kwa hivyo usihesabu nne na nne kuwa nane. Muulize muuzaji swali moja tu: "Ya kweli ni ngapi?"

Ya tatu ni betri. Samsung na Tecno zina 5,000 mAh, Redmi ina 5,160. Tofauti ni asilimia 3 hivi, huwezi kuihisi. Kinachohisika ni kasi ya kuchaji. Samsung inapokea hadi wati 25, zile nyingine 18. Lakini Samsung haitii kichwa cha chaja ndani ya boksi, unapata waya tu. Kama huna chaja nzuri nyumbani, hiyo ni gharama nyingine uiweke kwenye hesabu.

Yasiyoandikwa kwa herufi kubwa

Sasa tuje kwenye mambo ambayo muuzaji hayasemi mpaka umuulize.

Stoo. Kwa mtu anayeweka picha za leso kila siku, GB 64 hujaa upesi, maana mfumo wenyewe wa simu umeshakula sehemu yake kabla hujaweka picha moja. Tecno tuliyoiona ilikuwa na GB 128. Samsung kwa bei ileile ilikuwa na 64.

Umri wa simu. Hapa Samsung inasimama vizuri. Kwa A06 kampuni imeahidi miaka minne ya marekebisho ya usalama, na kwa kaka yake mkubwa A16 imeahidi miaka sita. Marekebisho haya ndiyo yanayoziba mianya ambayo wezi wa mtandaoni huingilia. Simu yenye M-Pesa na benki ndani yake si ya kuachwa bila kufuli. Pia simu ikizeeka mno, programu zenyewe huikataa. Tangu Oktoba 2023 WhatsApp haifanyi kazi kwenye Android iliyo chini ya toleo la 5. Kwa hivyo igawe bei kwa miaka. Simu ya shilingi 15,000 inayodumu miaka miwili ni shilingi 7,500 kwa mwaka. Ya shilingi 20,000 inayodumu minne ni 5,000 kwa mwaka.

Mtandao. Masafa ya chini, kama yale ya 800 MHz ambayo 4G yetu huyatumia, husafiri mbali zaidi na kupenya kuta vizuri kuliko yale ya juu. Sehemu kama Ziwa, ambako mashamba ni mapana na mnara unaweza kuwa mbali, jambo hili lina uzito. Simu zinazouzwa rasmi Kenya hazina taabu hapo. Taabu iko kwa zile zilizotumika ng'ambo, hasa zilizotengenezwa kwa soko la Marekani. Nyingi kati yao hazishiki masafa haya. Mjini Mombasa itafanya kazi, ukifika mashambani inarudi kwenye mtandao wa polepole. Kabla ya kulipa, tia laini yako, toka nje ya duka, uone kama 4G imeshika.

Fundi. Simu itaanguka, hilo halina shaka. Swali ni kioo chake utakipata wapi na kwa bei gani. Fundi wa pale Ziwa alituonyesha kabati lake. Vioo vya Tecno na Infinix vilikuwa vingi. Kwa Samsung akasema ataagiza Eldoret, na kwa Redmi akasema tumpe siku kadhaa. Hapa Mombasa majibu yangeweza kuwa mengine. Kwa hivyo muulize fundi wa mtaani kwako kabla ya kumuuliza muuzaji.

Vumbi na maji. Tecno Spark 30C ina daraja la IP54, maana yake inastahimili vumbi na matone ya maji. Usiitumbukize kwenye ndoo. Kwetu pwani, unyevu wa chumvi hula tundu la chaji, basi daraja kama hilo si pambo.

Mtego wa kulipa kidogo kidogo

Wengi mtasema, 15,000 taslimu nitaipata wapi? Nitachukua ya kulipa kila siku. Mwaka 2020 Safaricom ilianzisha mpango wa Lipa Mdogo Mdogo kwa shilingi 20 kwa siku, na tangu hapo kampuni nyingi zinauza kwa njia ya namna hiyo. Zimewafungulia mlango watu wengi ambao wasingeweza kununua simu janja, na hilo ni jema.

Lakini piga hesabu. Simu ya mpwa wangu iliyokufa aliichukua kwa mkopo kwa kampuni moja. Malipo ya kwanza shilingi 2,500, kisha shilingi 65 kila siku kwa siku 365. Sitini na tano mara 365 ni 23,725. Jumlisha na 2,500, amelipa shilingi 26,225. Simu hiyohiyo taslimu ilikuwa 14,000. Haba na haba hujaza kibaba, ila kibaba kilichojaa kilikuwa cha mwenye simu. Na siku mshahara ulipochelewa, simu ilifungwa akiwa na oda tatu mkononi. Wateja walidhani amekula pesa zao.

Upande wa dini watu huniuliza. Mwalimu wa madrasa ataeleza vizuri kuliko mimi, lakini kwa ufupi: wanazuoni wengi wamekubali kuuza kwa bei ya juu zaidi kwa anayelipa polepole, mradi bei yote ijulikane na ikatwe siku ya mkataba. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la Jeddah lilipitisha hivyo mwaka 1990. Kisichokubalika ni deni kuongezeka kwa sababu umechelewa, hiyo ni riba. Kwa hivyo soma mkataba. Uliza bei ya mwisho ni ngapi, na nikichelewa mnanifanya nini. Asiyeweza kukujibu maswali hayo mawili, mwachie simu yake.

Kabla ya kutoa pesa

Bonyeza *#06#. Itatokea nambari ya IMEI yenye tarakimu 15. Ilinganishe na iliyoandikwa kwenye boksi. Zisipolingana, ondoka. Wakongwe mtakumbuka mwaka 2012 simu bandia zilivyozimwa nchi nzima, na watu wakabaki na vipande vya plastiki mkononi. Januari 2025 serikali ilitaka kukaza tena kwa kuagiza IMEI za simu zinazoingizwa nchini ziorodheshwe kwa ushuru. Chukua risiti yenye IMEI hiyo. Bila risiti, garantii haina maana, na siku polisi akikuuliza simu umeitoa wapi hutakuwa na jibu.

Alichochagua

Niliporudi kwenye jibu langu la Samsung, nilikuwa na hoja, si mapenzi tena: miaka minne ya usalama. Mpwa wangu naye alikuwa na zake. Stoo mara mbili kwa bei ileile, chaja ndani ya boksi, na kioo kilichoko kwa fundi hatua mia moja kutoka nyumbani kwake. "Mjomba, ikivunjika Jumatatu, mimi nataka iuze Jumanne," alisema. Akachukua Tecno.

Je, ningechagua hivyo? Hapana. Lakini mimi naishi Mombasa, sina duka ndani ya simu, na picha zangu ni za wajukuu wa majirani. Yeye anaishi Ziwa. Nilimwomba jambo moja tu: aweke nywila imara, na kila marekebisho yakija ayakubali siku hiyohiyo.

Jioni ile alipiga picha ya kwanza mlangoni, leso ileile nyekundu, mvua ikianza kunyesha mahindini. Kabla ya sala ya Isha zilikuwa zimeagizwa jozi mbili.

Wabillahi tawfiq.