Lenzi Ndefu na Jua la Maskati

Kila msimu wa baridi ukiingia huku Omani, simu yangu haitulii. Huyu kanunua lenzi ya milimita 400, yule ya 600, na lalamiko lao ni moja: "Mwalimu, mbona picha hazikati vizuri na lenzi nimeilipia rial chungu nzima?" Lenzi haina kasoro, bwana. Kinachotaka kusomeshwa ni mkono, na saa ya kutoka nyumbani.

Lenzi ndefu humkuza ndege, na hukuza vilevile mtetemeko wako. Kanuni ya zamani ya wapiga picha ni nyepesi: kwa lenzi ya milimita 400, kasi ya shata isipungue 1/400 ya sekunde. Kama kamera yako ni ile ya sensa ndogo inayozidisha kwa 1.5, hesabu 600, kwa hivyo weka 1/640. Hiyo ni kwa kitu kilichotulia. Ndege akiruka, anzia 1/2000, na mwanga usipotosha pandisha ISO bila ya huruma. Picha yenye chengachenga utaisafisha kwenye kompyuta, iliyotikisika ndo basi tena. Kile kitulizaji kilichomo ndani ya lenzi kinatuliza mkono wako tu, hakimtulizi ndege. Mkono wa kushoto uweke chini ya lenzi, viwiko vibane mbavuni, bonyeza huku unatoa pumzi pole pole.

Fokasi nayo ina ubakhili. Kwa milimita 400 na f/5.6, ndege akiwa mita 10, sehemu inayotoka sawasawa ni kama sentimita 20 tu. Lenga jicho. Bawa likififia hapana atakayekuuliza.

Sasa joto, na hili ndilo khasa linalowaudhi watu wa huku. Niliposoma sekondari ya misheni, padri aliyetufundisha fizikia alitia kijiti ndani ya gilasi ya maji, kikaonekana kimevunjika. Mwanga hupinda ukitoka kwenye maji kuingia kwenye hewa. Hupinda pia ukipita kwenye hewa ya moto na ya baridi, na hewa iliyo juu ya mchanga na lami haitulii, inachemka kama maji chunguni. Wazee wetu wakiyaita mazigazi. Ndege aliye mita 150 saa 4 asubuhi, hata tripodi ya bei haitamwokoa. Toka baada ya sala ya alfajiri, ardhi haijapata moto, na punguza masafa. Lenzi hii kazi yake ni kumkuza aliye karibu kiasi, sio kumleta aliye mbali sana.

Ukipiga picha kupitia dirisha la gari, zima AC na ungoje kidogo, maana hewa baridi ikitoka dirishani inakutana na ya nje, ukawa umejitengenezea mazigazi yako mwenyewe mbele ya kioo. Na siku za unyevu, kamera ikitoka kwenye chumba cha AC hupata mvuke papo hapo. Usifutefute. Iache ndani ya mkoba uliofungwa nusu saa, ipate joto.

Kuna jambo jengine, na hapa nasema kama mzee wenu. Lenzi hii inafika dirisha la jirani na familia iliyokaa ufukweni kwa starehe yake. Vijana wanadhani umbali ni ruhusa. Sheria ya Omani ya makosa ya mtandao ya mwaka 2011 ina kifungo na faini kwa anayeingilia maisha ya watu kwa picha, hata kama alichokipiga ni kweli. Mvuvi wa Seeb mpe salamu kwanza, ndipo uinue kamera. Nyumbani lenzi hizi zina kazi yake ya halali: siku ya Idi simama mita 3 au 4 kutoka kwa bibi, tumia milimita 85 mpaka 135. Ukimsogelea na simu pua inakua, masikio yanarudi nyuma, na akikasirika ana haki.

Kwa mazoezi, mikoko ya Qurm inatosha. Mwenye nafasi aende Barr al Hikman, wanakokusanyika ndege wa pwani karibu nusu milioni wakati wa baridi. Mmtafute yule mweupe na mweusi, miguu mirefu, mdomo mnene, mla kaa. Huzaa upande huu wa Arabuni, kwenye mashimo anayoyachimba mchangani, na wengine wakimaliza huteremka mpaka Mida Creek karibu na Watamu na pwani ya Tanzania. Yaani anaijua njia waliyopita wazee wetu, na hatakiwi pasi. Msiwakurupushe ili mpate picha ya kundi linaruka. Mafuta wanayoyaunguza hapo ndiyo ya safari. Kaeni chini, maji yakijaa watasogezwa kwenu wenyewe.

Nendeni gari mbili, za 4x4, na msiache njia iliyokwishapitwa. Sabkha ya kule juu inaonekana kavu, ikipata maji inameza gari mpaka milangoni.