Wino Juu ya Maji: Uchoraji wa Karatasi katika Mbeya na Iringa

1.0 Utangulizi

Makala haya yananuia kueleza sanaa ya kuchora kwa rangi za maji na wino, kwa kuangalia mazingira ya msanii wa kujitegemea katika mikoa ya Mbeya na Iringa. Uhakiki wa fasihi na wa sanaa za maonyesho kwa lugha ya Kiswahili umepiga hatua kubwa. Uhakiki wa picha umebaki nyuma. Panapozungumzwa uchoraji wa Tanzania, kwa kawaida hutajwa picha za mafuta za Sam Ntiro (1923-1993), au picha za rangi ya gari na baiskeli zilizoasisiwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga (1932-1972). Kazi za karatasi hutajwa kwa kupitia, ingawa George Lilanga (1934-2005), mmoja wa wasanii wa Nyumba ya Sanaa, kituo kilichoanzishwa mwaka 1972, alifanya sehemu ya kazi zake kwa wino. Upungufu huo hautokani na uchache wa wachoraji peke yake. Kwa kiasi fulani unatokana na lugha, na kwa kiasi kikubwa zaidi unatokana na karatasi yenyewe.

2.0 Kitenzi "kuchora" na suala la majina

Kiswahili kina kitenzi kimoja, kuchora, kwa kazi mbili ambazo lugha nyingi za Ulaya huzitenganisha: kuvuta mstari na kueneza rangi. "Kupaka rangi" hakutatui tatizo, kwani apakaye rangi ni fundi wa nyumba. Kwa picha za mafuta ukosefu huu wa tofauti si kitu. Kwa picha ya wino na rangi za maji ni jambo zito, kwa sababu picha ya namna hiyo hujengwa kwa mvutano kati ya kazi hizo mbili: mstari wa wino unataka mpaka, maji yanaukataa.

Hata hivyo, si sahihi kudai kwamba lugha ni maskini. Majina ya rangi katika Kiswahili yanathibitisha kinyume chake. Nje ya nyeupe, nyeusi na nyekundu, rangi nyingi huitwa kwa vitu vinavyoonekana: kijani, kijivu, kahawia, manjano. Linalovutia zaidi ni jina "maji ya kunde", litumikalo kwa rangi ya mwili wa mtu. Halitaji kunde; linataja maji yaliyochemshiwa kunde, yaani rangi iliyoyeyuka na kupunguzwa nguvu. Mchoraji wa rangi za maji hafanyi lingine. Anachukua rangi kali na kuipunguza kwa maji mpaka iache weupe wa karatasi uonekane chini yake. Kwa tabaka hilo jepesi makala haya yanapendekeza istilahi mtandazo, kutokana na kutandaza. Mtu aweza kusema mtandazo wa kwanza, mtandazo mkavu, mtandazo juu ya mtandazo, na akaeleweka na fundi na mwanafunzi pia.

Upande wa wino una historia ndefu zaidi. Kalamu, karatasi na kidau vilifika pwani pamoja na uandishi, na miswada ya Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, kama ule wa Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728, ni kazi za wino kabla ya kuwa kitu kingine. Misahafu iliyonakiliwa Siyu ilipambwa kwa nakshi za wino wa rangi. Ipo pia desturi ya kombe, ambapo maandishi ya zafarani huoshwa kwa maji ili yanywewe. Hayo si uchoraji, na haifai kuyageuza kuwa uchoraji. Yanaonyesha tu kwamba mkutano wa wino na maji si jambo geni kwa wasemaji wa lugha hii.

Katika Nyanda za Juu Kusini, rangi ilikaa ukutani na mwambani. Igeleke, karibu na mji wa Iringa, pana pango lenye michoro ya kale ya wanyama na watu, mingi ikiwa ya wekundu wa udongo. Huko Unyakyusa, Joseph Thomson, aliyepita katika safari yake ya 1879-1880, alizisifu nyumba za wenyeji kwa unadhifu wake. Kwa hiyo karatasi ndiyo iliyokuja baadaye.

3.0 Karatasi, maji na hali ya hewa

Ili kuelewa ugumu wa sanaa hii yafaa kuilinganisha na ya Tingatinga. Rangi ya gari hufunika. Kosa hufichwa kwa kupaka juu yake, na rangi nyeupe huwekwa mwishoni. Rangi ya maji haifuniki. Nyeupe ya picha ni karatasi iliyoachwa wazi tangu mwanzo, na mchoraji huanza na kilicho hafifu akiendea kilichokolea. Anayechora ukungu wa Rungwe kwa mtindo huu haongezi ukungu, anauacha. Akishafunika mahali pake, umekwenda.

Wino nao una aina mbili, na tofauti yake ni ya msingi. Wino wa masizi ya kaboni, uliochanganywa na utomvu unaokauka na kushikamana, hauyeyuki tena. Mstari waweza kuchorwa kwanza na mtandazo ukapita juu yake. Wino wa kawaida wa kalamu hurudi majini mara unapoguswa na brashi. Kwa muda mrefu pia hufifia mwangani, wakati kaboni haififii. Mchoraji asiyejua ameshika wino upi hujifunza kwa kupoteza karatasi.

Na karatasi ndiyo kiini cha jambo. Karatasi inayofaa hutengenezwa kwa pamba na hutiwa gundi, ili maji yakae juu kwa muda kabla ya kunywewa. Uzito wake wa kawaida ni gramu 300 kwa mita ya mraba, ndiyo maana haijikunji sana inapolowa. Karatasi ya manila ya shuleni haina sifa hizo. Hujikunja, na uso wake hung'oka kwa mpito wa pili wa brashi. Kejeli ya mahali ni kwamba Nyanda za Juu Kusini ni nchi ya karatasi. Sao Hill, Mufindi, lipo shamba la miti la serikali lililo kubwa kuliko yote nchini, na kiwanda cha Mgololo, kilichoanza uzalishaji mwaka 1985 na kubinafsishwa mwaka 2004, husaga misindano hiyo. Lakini kinachotoka humo ni karatasi ngumu ya kahawia ya mifuko na vifungashio, na misindano isiyoondolewa utomvu wa mbao hugeuka manjano mwangani. Msanii wa Iringa hukaa kati ya misitu ya karatasi na kungoja karatasi kutoka ng'ambo.

Njia nyingine ipo. Kituo cha Neema Crafts mjini Iringa, kilichoanzishwa mwaka 2003 na Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa la Anglikana kwa ajili ya watu wenye ulemavu, kimejulikana kwa karatasi za mkono zitokanazo na kinyesi cha tembo. Uso wa karatasi ya mkono wa namna hiyo una nyuzi, na isipotiwa gundi ya kutosha hunywa maji kwa ghafla, hivyo mstari wa wino husambaa. Wapo watakaouona huo kuwa upungufu. Kwa mchoraji anayekubali msambao huo kama sehemu ya kazi, ni karatasi yenye sauti yake, na ni ya mahali.

Hali ya hewa nayo huamua. Tukuyu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, ilhali mji wa Iringa ni mkavu zaidi kwa mbali. Mwezi wa Aprili huko Tukuyu mtandazo hukaa mbichi muda mrefu, na rangi mbili huingiana zenyewe. Mwezi wa Agosti Iringa, penye upepo mkavu, mtandazo ule ule hukauka kingo zikiwa kali kabla brashi haijarudi. Mhakiki anayetofautisha "mtindo wa ukungu" na "mtindo wa kingo" katika kazi za mtu mmoja hana budi kuuliza kwanza zilichorwa wapi na mwezi gani.

4.0 Kutoa kazi mpya

Mwanamuziki "hutoa" wimbo mpya, na wimbo huzidi kwa kutolewa. Mchoraji akitoa picha, imetoka: imeuzwa, imekwenda, mara nyingi na mgeni aliye safarini. Msanii wa kujitegemea, asiye na mwajiri wala chuo, hana nakala isipokuwa picha ya simu. Makumbusho ya Boma mjini Iringa, yaliyofunguliwa mwaka 2016 katika jengo la enzi ya Wajerumani, yanaonyesha kwamba urithi wa mkoa waweza kupatiwa nyumba. Kazi mpya za karatasi hazijapata nyumba ya namna hiyo. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mchoraji katika uhai wake na miaka 50 baada ya kufa kwake, lakini sheria hailindi karatasi. Mchwa huila, na unyevu huiotesha ukungu. Si bure kwamba Kiswahili hutumia neno hilo hilo kwa kile kinachochorwa na kwa kile kinachoiharibu picha.

Kwa mtafiti, hatari ni kwamba mkusanyiko mzima waweza kupita bila kumbukumbu, na uhakiki ukabaki kukariri majina yale yale ya Dar es Salaam. Kumbukumbu hiyo si ghali. Yatosha nyuma ya kila karatasi kuandikwa jina la picha, mahali, mwezi na mwaka, aina ya karatasi na aina ya wino. Na iandikwe kwa penseli, kwani wino wa nyuma hupenya mbele.