Mto Ruvu na Meza ya Mazungumzo: Fedha za Kuhimili Tabianchi Zinavyozigusa Kibaha na Kisarawe

MWEZI Oktoba 2022, maji katika Mto Ruvu yalipungua kiasi cha kuwalazimu wakazi wa Dar es Salaam na sehemu za Mkoa wa Pwani kupata huduma ya maji kwa mgao. Uzalishaji wa Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Dar es Salaam (DAWASA) ulishuka kutoka takribani lita milioni 466 kwa siku hadi takribani lita milioni 300. Miongoni mwa mitambo inayotegemea mto huo ni Ruvu Juu, uliopo Mlandizi wilayani Kibaha, ambao maji yake hufika pia katika mji wa Kisarawe.

Mwezi uliofuata, mambo mawili yalitokea katika sehemu mbili zilizo mbali. Nchini, Serikali ilishuhudia kusainiwa kwa mkataba wa ujenzi wa Bwawa la Kidunda, mkoani Morogoro, litakalohifadhi maji ya Ruvu wakati wa mvua na kuyaachia wakati wa kiangazi. Huko Sharm el-Sheikh, Misri, wajumbe wa nchi karibu 200 walikuwa wakijadiliana kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Kinachoyaunganisha matukio hayo ni swali moja: nchi isiyochangia kwa kiasi kikubwa katika kuharibu hali ya hewa ya dunia inapolazimika kujikinga na madhara yake, gharama zilipwe na nani?

Kupunguza na kuhimili

Mazungumzo ya tabianchi yana mikondo miwili mikubwa. Mkondo wa kwanza ni kupunguza gesijoto, yaani kuondoa chanzo cha tatizo kwa kutumia nishati safi, kulinda misitu na kubadili mifumo ya viwanda na usafiri. Mkondo wa pili ni kuhimili, yaani kuiandaa jamii iishi na kuzalisha katika hali ambayo tayari imebadilika.

Kwa mkulima wa mihogo au korosho wilayani Kisarawe, kuhimili ni kupata mbegu inayokomaa mapema, ushauri wa ugani na utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) kabla ya mvua za vuli za Oktoba hadi Desemba na za masika za Machi hadi Mei. Kwa mkazi wa Kibaha, ni kuwa na uhakika wa maji ya bomba hata mvua zinapochelewa. Kwa wilaya zote mbili, ni pamoja na kulinda misitu kama Pugu na Kazimzumbwi isigeuke mkaa.

Mikondo hiyo haipati fedha kwa usawa. Mtambo wa umeme wa jua huuza umeme na kurejesha mtaji, hivyo huwavutia wawekezaji, na faida ya kupunguza gesijoto huifikia dunia nzima. Bwawa, tuta la kuzuia mafuriko au huduma ya ugani haviuziki kwa urahisi, na anayenufaika ni mwananchi wa eneo husika. Ndiyo maana nchi zinazoendelea zimekuwa zikisisitiza kwamba kuhimili hakuwezi kuachiwa soko pekee.

Ahadi na utekelezaji

Msingi wa madai hayo ni wa kisheria. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Mabadiliko ya Tabianchi wa mwaka 1992, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1996, unaeleza katika Ibara ya 4 kwamba nchi zilizoendelea zitazisaidia nchi zinazoendelea zilizo katika hatari zaidi kumudu gharama za kuhimili. Mkataba wa Paris wa mwaka 2015 ulikwenda mbele kwa kuweka, katika Ibara ya 7, lengo la dunia la kuhimili.

Ahadi za fedha zilifuata hatua kwa hatua. Copenhagen, mwaka 2009, nchi tajiri ziliahidi kufikisha Dola za Marekani bilioni 100 kwa mwaka ifikapo mwaka 2020. Kiwango hicho kilifikiwa mwaka 2022. Glasgow, mwaka 2021, zilihimizwa kuongeza maradufu fedha za kuhimili ifikapo mwaka 2025 kutoka kiwango cha mwaka 2019. Baku, mwaka 2024, lilipitishwa lengo jipya la Dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo mwaka 2035. Belém nchini Brazil, mwaka 2025, ulitolewa wito wa kuongeza fedha za kuhimili angalau mara tatu ifikapo mwaka 2035.

Hata hivyo, pengo ni kubwa. Kwa mujibu wa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP), nchi zinazoendelea zitahitaji kati ya Dola bilioni 310 na 365 kwa mwaka ifikapo mwaka 2035 kwa ajili ya kuhimili. Fedha za umma za kimataifa zilizotolewa kwa kazi hiyo mwaka 2023 zilikuwa takribani Dola bilioni 26, zikiwa zimepungua kutoka bilioni 28 za mwaka uliotangulia.

Ruzuku au mkopo

Kiasi cha fedha ni sehemu moja tu ya mjadala. Sehemu nyingine ni namna fedha hizo zinavyotolewa. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, na hapo ndipo hoja ya nchi zinazoendelea ilipo: si haki kwa nchi iliyochangia kidogo katika tatizo kukopa ili ijikinge nalo, kisha ilipe deni hilo pamoja na riba.

Tanzania imepitia njia zote mbili. Mwaka 2017, Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha fedha kwa mradi wa maji na kuhimili tabianchi mkoani Simiyu, kupitia Benki ya Maendeleo ya Ujerumani (KfW). Mwaka 2019, Benki ya CRDB ilipata ithibati ya mfuko huo, na mwaka 2021 ukaidhinishwa mpango wa Dola milioni 200 wa teknolojia za kilimo, nusu yake ikitoka katika mfuko. Ithibati hiyo inaiwezesha taasisi ya ndani kuomba fedha moja kwa moja bila kupitia shirika la nje. Pamoja na hayo, mpango huo umejengwa zaidi juu ya mikopo, ambayo mkulima hana budi kuirejesha.

Maendeleo au kuhimili

Suala gumu kuliko yote ni la kutenganisha kuhimili na maendeleo ya kawaida. Mfano mzuri ni Kisarawe. Kwa miaka mingi mji huo, ulio jirani kabisa na Dar es Salaam, ulikabiliwa na uhaba wa maji, hadi mwaka 2020 ulipozinduliwa mradi wa kuyafikisha kutoka Kibamba kwa gharama ya zaidi ya shilingi bilioni 10 zilizotokana na mapato ya DAWASA.

Mtoa fedha wa kimataifa anaweza kuuliza: je, Kisarawe isingehitaji maji hata kama tabianchi isingebadilika? Jibu ni kwamba ingehitaji. Lakini bomba linalotegemea mto unaopungua haliwezi kutimiza lengo lake bila bwawa. Ndipo mradi wa maendeleo unapogeuka kuwa mradi wa kuhimili. Bwawa la Kidunda, litakalohifadhi lita bilioni 190, linagharamiwa na fedha za ndani kwa zaidi ya shilingi bilioni 320. Ni fedha ambazo zingeweza kujenga madarasa, zahanati na barabara.

Ukame wa msimu mmoja pekee haithibitishi mabadiliko ya tabianchi, na mifuko ya kimataifa hudai ushahidi wa muda mrefu. Kwa sababu hiyo, kumbukumbu za mvua za TMA na vipimo vya mtiririko wa mto vya Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu vina thamani kubwa. Halmashauri yenye takwimu za miaka mingi za mvua, mavuno na visima vilivyokauka huandika andiko la mradi lenye nguvu. Isiyokuwa nazo hubaki na malalamiko ya kweli yasiyo na vielelezo.

Hatua zinazofuata

Huko Belém, nchi zilipitisha viashiria 59 vya kupima utekelezaji wa lengo la dunia la kuhimili. Kundi la Wajumbe wa Afrika katika Majadiliano, lililokuwa likiongozwa na Dkt. Richard Muyungi wa Tanzania, lilitaka viashiria hivyo visigeuke mzigo kwa bajeti za nchi maskini na vipime pia utoaji wa fedha zilizoahidiwa.

Mkutano wa mwaka 2026 umepangwa kufanyika Antalya, Uturuki, na ule wa mwaka 2027 Addis Ababa, Ethiopia. Afrika itakapokuwa mwenyeji, hoja yake itapimwa kwa mifano halisi. Mlandizi, ambako maji ya Ruvu huvutwa, na Kisarawe, ambako maji hayo hufika, ni mfano ulio wazi: gharama za kuhimili tayari zinalipwa, na kwa sehemu kubwa anayezilipa ni mwananchi kupitia kodi yake na ankara yake ya maji.