Kovu Ni Jeraha Lililopona

  Leo tuna neno ambalo kwa kawaida halisemwi kanisani, wala mezani, wala mara nyingi chumbani kati ya mume na mke. Tunataka kusema juu ya kovu linalobaki kifuani mwa mama aliyekatwa titi kwa sababu ya saratani, yaani kansa, naye hakuundiwa titi lingine mahali pake.

Labda kuna atakayeuliza, Je, jambo hili lafaa kuzungumzwa mbele ya wazee na vijana? Twajibu kwamba lafaa sana. Saratani ya matiti ndiyo inayowapata wanawake wengi kuliko saratani nyingine yoyote hapa Kenya. Kwa makadirio ya mwaka 2020, wanawake zaidi ya 6,000 walipatwa nayo kwa mwaka huo mmoja. Wengi wao hukatwa titi, na operesheni ya kuunda titi upya ni ya gharama kubwa, tena wapasuaji wa kazi hiyo ni wachache. Wengine hawaitaki kabisa, kwa kuwa hawapendi kupasuliwa tena. Basi katika kusanyiko lako mama huyo yumo. Huenda anaketi benchi la mbele yako. Huenda ni wewe mwenyewe.

Tumfikirie mama huyo. Amerudi nyumbani kutoka hospitali. Majirani wamekuja na unga na sukari, wakaomba, wakaenda zao. Bendeji imeondolewa. Tangu siku hiyo anaoga gizani. Kioo cha chumbani amekigeuza kielekee ukutani. Akivaa nguo humpa mumewe mgongo. Jumapili hujitanda leso hata kama jua ni kali, na mkutano wa akina mama ameacha kwenda. Ugonjwa umeondolewa mwilini mwake, lakini furaha yake haijarudi.

Mama, tunataka kusema nawe leo.

Kiswahili chetu kina neno jeraha, na kina neno kovu. Jeraha li wazi, hutoa damu, hutaka dawa. Kovu ni mahali ambapo mwili umekwisha kujifunga wenyewe. Hakuna mtu mwenye kovu ambaye jeraha lake halikufunga kwanza. Tuyashike maneno hayo mawili, maana mtu akilitazama kovu lake kana kwamba ni jeraha, atalia kila siku juu ya jambo ambalo tayari limefungwa.

Tujifunze basi kovu hili ni kitu gani. Mwaka 1894 mpasuaji wa Marekani, William Halsted, alitangaza operesheni aliyokuwa akiifanya. Aliondoa titi zima, pamoja na misuli ya kifua iliyo chini yake na tezi za kwapani. Mama alibaki na kifua kilichobonyea, na mara nyingi mkono ukavimba. Kwa muda mrefu madaktari waliamini kwamba kukata zaidi ndiko kuponya zaidi. Mwaka 1971 Dkt. Bernard Fisher na wenzake wakaanza kulipima jambo hilo kwa utafiti mkubwa. Matokeo ya miaka 25, yaliyotolewa mwaka 2002, yalionyesha kwamba waliokatwa sana hawakuishi zaidi kuliko waliokatwa kidogo. Kwa sababu hiyo siku hizi misuli ya kifua kwa kawaida huachwa. Kovu huwa mstari unaopita kifuani kuelekea kwapani.

Kwa mama ambaye siku ya operesheni bado haijafika, tuna neno moja. Kama hutaki kuundiwa titi lingine, mwambie daktari wako mapema kwamba unataka kifua kishonwe vizuri, kiwe bapa, bila ngozi ya ziada kuning'inia chini ya kwapa. Usione haya kuomba hivyo. Hii ni kazi inayojulikana, na mwaka 2020 taasisi ya taifa ya saratani ya Marekani iliiingiza katika kamusi yake ya maneno ya uganga.

Sasa kwa mama ambaye amekwisha kupasuliwa. Ujue ya kuwa kovu unaloliona leo silo utakaloliona baada ya mwaka mmoja. Katika miezi ya kwanza huwa gumu, limeinuka, lawasha, na rangi yake ni tofauti na ngozi nyingine. Polepole hulainika na kulala. Kazi hiyo huchukua mwaka mzima, na mara nyingine hata miwili. Usilihukumu kovu la mwezi wa pili.

Liko la kufanya. Jeraha likiisha kufunga kabisa, na muuguzi akikuruhusu, paka mafuta yasiyo na manukato, kisha usugue kovu kwa vidole taratibu kila siku. Hilo hulilainisha, lisishikamane na nyama iliyo chini yake. Lifunike lisichomwe na jua katika mwaka ule wa kwanza, kwa maana jua hulifanya liwe jeusi zaidi. Kama ulipata tiba ya mionzi, ngozi ya hapo huwa nyeusi na kavu, nayo yataka uangalizi zaidi. Uliza kwanza kabla ya kupaka kitu chochote.

Sisi watu wa ngozi nyeusi twapatwa zaidi na kovu linaloendelea kukua na kuvuka mipaka ya jeraha. Madaktari huliita keloidi. Likikupata, usikimbilie kulikata, kwa kuwa likikatwa tu bila tiba nyingine mara nyingi hurudi, pengine kubwa zaidi. Kuna sindano za kulipunguza, na kuna vipande vya silikoni vya kubandika. Mwone daktari wa ngozi.

Usishangae pia ukigusa kifua au upande wa ndani wa mkono na kuona ganzi. Mishipa midogo ya fahamu hukatwa wakati wa operesheni. Wengine hata huhisi titi lawasha, na titi halipo. Si wazimu, wala si mapepo. Ubongo bado unakumbuka mwili ulivyokuwa. Fanya mazoezi ya mkono uliyofundishwa hospitalini, ili bega lisikaze. Kama tezi za kwapani ziliondolewa, ulinde mkono wa upande huo usiungue jikoni wala usikatwe na panga shambani, na ukianza kuvimba uende hospitali upesi. Tena, ukiona kivimbe kipya juu ya kovu, au kidonda kisichopona, au usaha, au wekundu unaoenea pamoja na homa, usingoje mpaka kliniki ya mwezi ujao.

Hayo ni ya mwili. Tuje kwenye kioo kile kilichogeuzwa.

Wengi walioipita njia hii hushauri kwamba mama asijilazimishe kuona kila kitu siku moja. Anza kwa kugusa juu ya nguo. Siku nyingine uguse chini ya nguo. Kisha tazama kwa kuinamisha macho, bila kioo, kwa muda mfupi. Mwisho ndipo usimame mbele ya kioo, ukiwa peke yako au pamoja na mtu unayemwamini. Ukilia, ulie. Umepoteza sehemu ya mwili wako, labda ile iliyonyonyesha watoto wako, na kuilia si kukosa imani. Lakini usikae katika giza lile. Wazee walisema, mficha uchi hazai. Lile lisiloonyeshwa kwa mtu yeyote haliwezi kupata msaada.

Na juu ya mavazi? Hapa pana uhuru. Wako wanaopenda kuvaa titi la bandia ndani ya sidiria. La silikoni lina uzito unaokaribia ule wa titi lenyewe, na kwa mama mwenye maziwa makubwa husaidia mabega yasielemewe upande mmoja, lakini bei yake ni kubwa. Wako wanaovaa yale ya kufuma kwa uzi, mepesi na ya bei nafuu. Huko Thika wako akina mama, wenyewe wamepatwa na ugonjwa huu, ambao hufuma matiti ya namna hiyo kwa ajili ya wenzao. Mfuko mdogo ukishonwa ndani ya sidiria ya kawaida hulishika lisihame. Na wako wasiotaka kuvaa chochote, nao wana haki.

Mshairi Mmarekani, Audre Lorde, alikatwa titi mwaka 1978. Katika kitabu chake cha mwaka 1980 alieleza kwamba alikwenda kwa mpasuaji wake bila titi la bandia, na muuguzi akamwambia avae, kwa sababu kutovaa kungewavunja moyo watu wa pale. Yeye aliona kinyume chake. Alisema kwamba wanawake waliokatwa wakifichwa wote, hawataonana, na wasipoonana hawatasaidiana. Sisi hatusemi kila mama afanye kama yeye. Twasema mama achague mwenyewe kwa ajili ya raha yake, asichaguliwe na macho ya watu.

Nanyi akina baba, sikieni. Mara nyingi mke hukungoja wewe useme neno la kwanza, huku wewe ukinyamaza kwa kuogopa kumwumiza. Naye hufikiri umechukizwa. Ukimya wako anautafsiri vibaya. Mwambie kwa maneno ya wazi kwamba unafurahi kuwa naye hai. Uliza kama waweza kuliona kovu, na akikataa, ngoja, kisha siku nyingine uulize tena kwa upole. Mkono wa mume uliowekwa bila woga juu ya kovu lile humfariji mke kuliko hotuba nyingi. Na watoto waambiwe kwa maneno machache ya kweli, maana mtoto asipoambiwa hubuni mwenyewe jambo baya zaidi.

Nalo kanisa je? Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Tumesikia maneno yanayosemwa nje ya mlango wa kanisa. Amerogwa. Ni dhambi aliyoficha. Si mwanamke kamili tena. Ndugu zangu, maneno hayo ni kisu cha pili, na kisu hiki cha pili hakina dawa ya ganzi. Tena, yana madhara ambayo wasemaji hawayaoni. Dada aliyegusa kivimbe titini mwake wiki iliyopita anayasikia. Anajiambia, Nikienda hospitali watanikata, na wakinikata nitasemwa hivi. Basi ananyamaza mwaka mzima. Mficha maradhi kifo humuumbua. Ugonjwa ambao ungetibiwa mapema unamkuta umekwisha kuenea, naye anazikwa akiwa na matiti yote mawili. Tukimdharau mama mwenye kovu, twamsukuma mwenzake kaburini.

Liko jambo moja ambalo kusanyiko lo lote laweza kufanya bila fedha. Mwaka 1952 huko Marekani mama mmoja, Terese Lasser, alikatwa titi, naye hakupata mtu wa kumweleza atakavyoishi baadaye. Alipopona alianza kuwatembelea wagonjwa wengine hospitalini, mwenye kovu kwa mwenye kovu, na kazi hiyo ikaenea katika nchi nyingi. Akina mama wa kanisa, mnaweza kufanya vivyo hivyo. Mama aliyepona miaka mitano iliyopita na akae na yule aliyetoka hospitali juzi. Daktari ana maneno mengi mazuri, lakini hawezi kusema, Hata mimi, tazama.

Tunapomaliza, tukumbuke habari za Tomaso katika Injili ya Yohana. Bwana alikwisha kufufuka. Mauti ilikuwa imeshindwa. Hata hivyo alama za misumari zilikuwa bado mikononi mwake, na ubavu ulikuwa bado una alama ya mkuki. Aliweza kuja na mwili usio na alama yo yote, lakini hakufanya hivyo. Wala hakumficha Tomaso alama zile. Alimwonyesha, akamwalika aguse, na kwa alama hizo rafiki yake akamtambua. Kama Bwana mwenyewe hakuzionea haya alama za mateso yake, nani awezaye kumwambia mama huyu kwamba mwili wake haufai kuonekana?

Mama, usiku wa leo kabla ya kulala, ukigeuze kioo kile kidogo tu. Usipoweza leo, utaweza kesho. Na sisi tuliosikia, Jumapili tumwone mama huyo, tumsalimu kwa kumtazama usoni, na tumwachie nafasi ya kuketi karibu nasi.

Bwana awalinde nyote mpaka tutakapokutana tena. Amina.